Tamponi za kusafisha kizazi sina, na hilo tumbo lako nenda kalipime

Kabla hujanitumia meseji ya kuuliza bei, jibu ni sina na wala siziagizi. Mi nauza pedi, mafuta, wanja, udi, mawigi ya bei chee na khanga mbili tatu hapa Mtwara mjini, na haipiti wiki bila mtu kuja kuninong'oneza pale kaunta kama anaulizia bangi vile, dada unazo zile tamponi? Nikimuuliza zipi, za kuzuia damu au zile za Kichina, ananambia zile za kusafisha kizazi, za kukata chango, yani yale maumivu ya tumbo la hedhi. Basi ndo hizo nnazosema sina.

Mana naona watu wamechanganya mambo mawili. Kuna tamponi yenyewe, pamba iliyobanwa kama ukubwa wa kidole, ina uzi, unaingiza ukiwa kwenye siku zako inanyonya damu humohumo ndani, ikijaa unaivuta unatupa, basi, haina kingine. Alafu kuna hii nyingine, unga wa majani sijui majani gani umefungwa kwenye kitambaa cha wavu umeviringwa kidonge, nayo ina kauzi, unaambiwa uingize ukae nayo siku mbili mpaka tatu, itavuta uchafu wote, uvimbe utayeyuka, chango litakatika, mimba itaingia, utabana na mume hatatoka tena nje. Kitu kimoja hicho hicho kinafanya yote hayo! Yule muuzaji aliyekuja kunishawishi niwe wakala wake alikuja msimu wa korosho, wakati watu wa Newala na Tandahimba wanashuka mjini na hela mkononi, nikamwambia nioneshe kwenye boksi pameandikwa ndani kuna nini, maandishi Kichina mwanzo mwisho, yeye mwenyewe hajui. Kitu unachokwenda kumwambia mtoto wa mtu akiweke ukeni siku tatu hujui kina nini ndani yake. Nikamwambia kaka chai ipo hapo kunywa lakini biashara hapana.

Sasa zile picha wanazoweka status, vipande vyeupe vyeupe na maute, eti ndo uchafu wa kizazi umetoka. Jamani. Ukiweka kitu kikali kwenye ngozi laini ya ndani kikakaa siku tatu lazima ngozi iwashwe, itoe maji, itoe ute, ibanduke, na hayo ndo unayoyaona pamoja na mabaki ya huo unga wenyewe. Kizazi kina mlango wake na ule mlango muda mwingi umefunga, tundu lake dogo sana. Uvimbe wa faibroidi unaota kwenye nyama ya kizazi, na uvimbe wa ovari, kile kifuko cha mayai, uko nje kabisa ya kizazi huko tumboni, nioneshe huo unga unapita wapi mpaka uufikie. Na uke wenyewe unajisafisha, una bakteria wazuri wanaotengeneza asidi ya kuzuia wabaya wasizaliane, ukiwavuruga hao kwa majani, kwa shabu, kwa sabuni ya kunukia, unapata fangasi au ile harufu ya samaki. Alafu unarudi kwa yule yule anakwambia ndo uchafu bado haujaisha, ongeza boksi lingine. Biashara nzuri hiyo, ningekuwa sina roho ya huruma ningekuwa nshajenga Shangani.

Ila mi linaloniogopesha kuliko yote ni masaa. Hii tamponi ya kawaida ya damu, ya kiwandani, iliyopimwa, watengenezaji wenyewe wanakwambia badilisha kila baada ya masaa 4 hadi 8, na isizidi 8. Hawakuyatoa hewani hayo masaa. Mwaka 1978 kule Denver, Marekani, daktari mmoja anaitwa James Todd aliandika kuhusu watoto waliopata homa kali, presha ikashuka, wakatoka vipele, akaupa ugonjwa jina, toksiki shoki sindromu. Ulipofika 1980 ukaanza kuwakumba wanawake wengi waliokuwa kwenye siku zao, wengi wao walikuwa wanatumia tamponi, na wengine walikufa. Kulikuwa na tamponi moja inaitwa Rely ya kampuni ya Procter & Gamble, ilikuwa inanyonya kupita kiasi, mtu unaisahau huko ndani, ikaondolewa sokoni Septemba 1980. Shida ni bakteria anaitwa stafilokokasi, watu wengi tu tunaishi naye puani na kwenye ngozi hatufanyi kitu, lakini akipata mazingira anayoyapenda ndani ya uke anatoa sumu inaingia kwenye damu. Siku hizi ni ugonjwa wa nadra sana, nataka muelewe hilo, mtu anayetumia tamponi vizuri asilale macho. Ila pima mwenyewe, ile ya kiwandani mwisho masaa 8, hii ya unga usiojulikana siku tatu, na bado mnaniuliza kwa nini siiuzi.

Na dalili zake kwa huku kwetu ndo zina mtego. Homa ya ghafla ya 39 na kupanda, kutapika, kuharisha, kichwa, misuli kuuma, kizunguzungu ukisimama unataka kuanguka, mwili kuwa mwekundu kama umechomwa na jua, kuchanganyikiwa. Mtu wa Mtwara au Lindi ukimwambia homa na kutapika anajua nini? Malaria. Anakwenda dukani ananunua dozi analala. Kwaiyo kama una tamponi ndani na umepata hali hiyo, kwanza itoe, pili nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku, na tatu useme kwa mdomo wako kwamba nilikuwa nimevaa tamponi au nilikuwa nimeweka dawa ukeni. Usione aibu, mana usiposema watakupima malaria tu na huu ugonjwa hausubiri, ngozi yetu nyeusi hata ule wekundu hauonekani vizuri, daktari anaweza asiuone kabisa usipomuelekeza.

Haya, kwa wale wanaotaka tamponi yenyewe ya damu. Wengi ni wanafunzi wa chuo, na wadada wanaokwenda Msimbati kuogelea ndo siku zimeingia. Huku kusini ni shida kuzipata, mi naagiza Dar zinakuja na basi, na ni ghali kuliko pedi, sitadanganya. Nawa mikono kabla ya kuishika, sio baada tu. Chukua yenye unyonyaji mdogo unaotosha damu yako, usichukue ile kubwa ili ikae muda mrefu, hiyo ndo akili iliyowaponza wale wa 1980. Siku damu ikiwa ni matone tu usiweke, inakuwa kavu inakwaruza. Usiku kama unalala masaa mengi vaa pedi. Mzazi aliye kwenye nifasi asiweke kabisa. Na usijitengenezee ya kwako kwa pamba ya duka la dawa au kipande cha kanga, nimeshasikia watu wanafanya, ile pamba haijabanwa, inakatika vipande vinabaki ndani vinaoza.

Uzi ukipotea tulia. Haiwezi kupanda tumboni, nimeshasema mlango wa kizazi ni mdogo, ipo hapohapo. Chuchumaa, sukuma kidogo kama unakwenda haja, ingiza kidole kisafi uitafute. Ukishindwa nenda zahanati, nesi anaitoa kwa dakika chache, ameshaona makubwa kuliko hayo. Na kuna wanaosahau moja ndani wakaweka nyingine juu, baadae unasikia harufu ambayo hata ukioga haiondoki na majimaji ya kahawia, hapo usianze kunywa dawa za fangasi, nenda ukaangaliwe.

La kwamba tamponi inatoa bikira naulizwa na wamama zaidi kuliko mabinti wenyewe. Kile kingozi kina tundu tayari, ndo mana damu inatoka, na kwa wengi kinavutika. Inawezekana tamponi ikakichana kidogo, kama vile michezo inavyoweza, lakini mtoto hajalala na mtu, na hakuna anayeweza kumchungulia binti akasema kwa uhakika huyu kalala na mwanaume au hajalala, hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilisema huo ukaguzi ukomeshwe. Ila kama mama mtu hujaridhika mnunulie pedi yaishe, mi napata hela vilevile.

Ah na kuna mteja alinionesha kwenye simu habari ya tamponi kuwa na madini ya risasi. Ni kweli, mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley walipima tamponi 30 wakakuta metali, risasi na aseniki zikiwemo. Walichopima ni kilichomo kwenye tamponi, sio kinachoingia mwilini, kwaiyo msitangaze msiba bado.

Sasa tuje kwenye lenyewe, mana ukiniuliza mi naona anayeulizia tamponi za kizazi hataki tamponi, anataka maumivu yaondoke. Chango. Sisi wote tumelelewa na hili chango. Ukitoka unyago unajua kufua kitambaa chako, unajua pa kukianika, unajua kunyamaza, na tumbo likikukamata unaambiwa ndo uanamke huo, ukizaa litaisha. Makungwi wetu siwadharau, kuna kitu walijua barabara, kukanda tumbo na maji ya moto kunasaidia kweli, hata madaktari wanakubali. Ila kunyamaza ndo kumetuumiza.

Maumivu ya kawaida yana sababu yake. Kizazi kikiwa kinajiandaa kumwaga damu kinatoa kemikali zinaitwa prostaglandini, hizo zinakifanya kijikamue, zikiwa nyingi kinajikamua kwa nguvu unasikia tumbo, kiuno, mapaja, wengine kuharisha na kutapika juu. Hayo yanaanza siku ile au siku moja kabla, yanapoa siku ya pili ya tatu. Ndo mana ibuprofeni inafanya kazi vizuri kuliko panado, mana yenyewe inazuia hizo prostaglandini zisitengenezwe, na inafanya kazi zaidi ukiiwahi tumbo linapoanza tu, usingoje mpaka unagaragara. Kunywa ukiwa umekula. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo, mwenye pumu, aongee na mtu wa dawa kwanza, na usichanganye ibuprofeni na diklofenaki pamoja, hizo ni ndugu, utajitoboa tumbo.

Mimi langu lilikuwa hivyo hivyo tangu nasoma, la kuvumilika, kanda, meza, lala, kesho unaamka. Alafu nilivyovuka ishirini na tano huko likabadilika. Likawa linaanza siku nyingi kabla ya damu na linaendelea damu ikiisha, upande wa kushoto zaidi, kwenda haja kubwa nikiwa kwenye siku zangu ilikuwa kama nachomwa kisu, na mambo ya chumbani nikawa nakwepa mana nilikuwa naumia ndani kabisa. Hospitali moja niliandikiwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, nikachoma sindano, mwezi unaofata UTI tena, nikachoma tena. Shangazi yangu kwa mapenzi yake akanitumia boksi la zile tamponi za unga kutoka Lindi, na shuhuda juu za jirani yake aliyepona. Nililiweka kabatini sikulifungua. Nilichofanya nilimwambia daktari wa wanawake yale ya haja kubwa na ya chumbani, mambo ambayo nilikuwa sijawahi kumtajia mtu, na yeye aliposikia hayo mawili akaacha kuandika akaniangalia, akaniagizia utrasaundi. Wakakuta uvimbe kwenye ovari ya kushoto umejaa damu ya zamani. Endometriosisi.

Huu ugonjwa ni hivi, nyama inayofanana na ile ya ndani ya kizazi inaota nje ya kizazi, kwenye ovari, kwenye mirija, nyuma kuelekea utumbo mkubwa, na kila mwezi inachokozwa na homoni kama iliyo ndani, inavimba, inatoa damu ambayo haina pa kutokea, inaacha makovu. Shirika la Afya Duniani linasema ni karibu asilimia 10 ya wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, kama milioni 190 dunia nzima. Asilimia 10! Kwenye daladala iliyojaa wanawake hamkosi wawili, na huku kusini wote tunaitwa wenye chango. Hauna dawa ya kuuondoa moja kwa moja, kuna vidonge vya homoni vya kuutuliza, kuna upasuaji, mi niko kwenye vidonge na maisha yamerudi. Na mjue utrasaundi inaweza kutoka safi na bado ugonjwa ukawepo, mana vile vidoa vidogo haioni, kwaiyo ukiambiwa huna kitu na bado unaumia, rudi.

Sio kila tumbo ni endometriosisi lakini. Damu nyingi ya mabonge na tumbo zito kama una mimba inaweza kuwa faibroidi, na sisi weusi tunazipata zaidi. Maumivu na homa na uchafu unaonuka inaweza kuwa maambukizi ya kizazi, hiyo inataka antibayotiki mapema kabla mirija haijaziba. Siku zimechelewa, alafu damu kidogo ya ajabu ajabu na maumivu makali upande mmoja, au bega linauma na unataka kuzimia, hiyo inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi na hapo hakuna cha kusubiri asubuhi, amsha jirani mwenye bajaji. Ukiwa unaloweka pedi nzima kila saa, masaa mawili yamefatana, nenda pia.

Na mabinti. Msichana ana miaka kumi na nne, kumi na tano, matiti yameota, kila mwezi tumbo linamuuma siku kadhaa lakini damu hajawahi kuiona. Huku kwetu huyo ameshapelekwa kwa waganga wawili kabla ya kufika hospitali, kalogwa, kafungwa. Wakati inawezekana kile kingozi chake hakina tundu kabisa, kazaliwa hivyo, damu inajaa ndani miezi yote hiyo, na ni upasuaji mdogo tu kuifungulia. Na yule anayejaribu kuweka tamponi inagoma au anasikia maumivu makali, asilazimishe. Pengine ni kavu tu au misuli imekaza kwa woga, ila ikiuma kila mara kuna kitu cha kuangaliwa, kunaweza kuwa na kingozi kimepita katikati, kunaweza kuwa na maambukizi, na endometriosisi pia inaweza kufanya hivyo.

Ukienda hospitali, iwe Ligula, Ndanda, Nyangao, Sokoine pale Lindi, popote palipo karibu na wewe, usiseme tu "tumbo linauma". Andika kwenye simu miezi miwili mitatu, damu imeanza lini, maumivu yameanza lini, upande gani, umemeza nini imesaidia au haijasaidia, ukienda haja inakuwaje, chumbani inakuwaje. Muoneshe hiyo simu kama mdomo unaona haya. Mi nilivyofanya hivyo ndo nilisikilizwa.

Mwisho, walioniulizia vikombe vya hedhi, ndio vipo vimebaki vichache, vile vya silikoni vya kuingiza ukeni kukinga damu. Ukishanunua umenunua, unakichemsha kabla ya kuanza na ukimaliza siku zako, mchana unakimwaga unakiosha na maji safi unarudisha, na kisipitilize masaa 12 ndani, mana na hicho sio kwamba toksiki shoki haikigusi. Anayetaka aje mwenyewe dukani, sivipeleki kwa bodaboda, nataka nimuelekeze anavyokunja.